Baba Joshua Amepandisha Dau

Fundi,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini mkono umekataa kuanza barua kwako bila hiyo.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Tangu tukuzike niliendelea kukutumia picha kama zamani. Nikiona cherehani mnadani naituma kwako, naandika chini yake, "Fundi, hii unaionaje?" Alama ya ujumbe inabaki moja. Nami naiacha hivyo hivyo, najiambia bado unakula, utaisoma ukishanawa mikono. Miezi ikapita. Halafu mchana mmoja nilikuwa napalilia, simu ikalia, kutazama alama zimekuwa mbili. Niliweka jembe chini nikakaa juu ya tuta. Jibu likaja: "Samahani, wewe nani? Hii laini nimesajili juzi, mimi habari za cherehani sizijui."

Alikuwa dada mmoja wa huko Geita. Nilimweleza, akanipa pole kwa heshima kabisa, akauliza kama ulikuwa baba yangu. Niliandika ndiyo, nikafuta. Mwisho nikaandika, "Alikuwa fundi wangu." Akajibu, "Aha." Sikumlaumu. Hata mimi neno hilo nikilisoma naliona dogo.

Mama yangu naye ananiuliza hivyo hivyo. Ananiona nimenyamaza jikoni anasema, "Vestina, yule mzee hakuwa ndugu yetu. Hata kabila si moja. Mbona umekonda?" Ananipenda, ndiyo maana anauliza. Ila sina namna ya kumweleza kwa Kihangaza chetu wala kwa Kiswahili. Siku ya mazishi yako, pale Nyakahura, msemaji aliita watu waje kuweka udongo. Aliita mke. Akaita watoto, akaita wajukuu, ndugu waliotoka Shinyanga, wazee wa kanisa, majirani. Nilisubiri nikidhani kuna jina litakalonifaa. Halikutajwa. Nikaenda na majirani, Fundi, mimi niliyekaa meza moja na wewe miaka minne. Niliweka udongo wangu haraka nikampisha mwenye baa ya jirani.

Nakumbuka nilivyokuja kwako. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Rulenge na matokeo yasiyonipeleka popote, nikaja kukaa kwa shangazi Nyakahura nimsaidie kuuza chapati. Wewe ulikuwa umenunua simu kubwa kutokana na mahindi ya mwaka ule, na umeunganishwa kwenye kikundi cha mnada. Mtu anaweka picha ya kitu chake kilichokaa bure, watu wanapandisha dau, saa kumi jioni admini anafunga, aliyefika juu kabisa anachukua. Ulinunua humo cherehani zilizokufa, ukazifufua, ukaziuza humo humo. Ulikuwa mkulima na mfugaji, hela ya mnada ulisema ni ya chumvi na madaftari. Tatizo lako lilikuwa kuandika. Uliandika "chelehani ya miguu, langi nzuli", watu wakakucheka kwenye kikundi, wengine wakaogopa kununua kwa mtu wasiyemwelewa. Ukaja kwenye meza ya chapati ukaniuliza, "Binti, wewe shule umesoma? Hebu niandikie hapa."

Nikaandika "cherehani". Ukaitazama sana ile r. Ukasema, "Kwetu haisikiki hivyo." Nikasema kwenye kitabu ndivyo ilivyo. Ukasema basi mimi niandike, wewe utengeneze, kila mtu abaki na kazi yake. Lakini hukuniacha nibaki na yangu. Wiki ya pili ulinipa bisibisi ukaniambia fungua.

Ulinifundisha kuitazama picha. Mtu akipiga picha upande mmoja tu, mwulize upande wa pili. Akisema ni nzima, mwombe azungushe gurudumu akurekodie sauti, nayo ikifika uliweka simu sikioni ukafumba macho. Ulinifundisha kuandika bei yetu ya mwisho kwenye kiganja kwa kalamu kabla dau halijaanza, na dau likifika pale, simu inawekwa chini hata kama roho inauma. Na tulipokuwa tunauza, ulitaka ubovu uandikwe kwanza. Kabla ya rangi, kabla ya bei. "Inaruka mshono kwenye nguo nzito. Mguu wa meza umeungwa." Nilikuambia tutakosa wateja. Ukasema watakaobaki watakuwa wa kwetu. Na kweli walibaki.

Kisha lile jambo la laini ya pili. Watu wa kikundi walishagundua kwamba namba ya fundi ikipandisha dau, kitu kile kina uzima ndani yake, wakawa wanakufuata na kukupandishia. Ndipo ukaninunulia laini nyingine, ukanisajilia jina la kikundini wewe mwenyewe: Baba Joshua, na picha ya ng'ombe. Nilicheka nikauliza Joshua ni nani. Ukasema, "Hayupo. Lakini baba yake ana hela." Tukakubaliana tusimwambie mtu yeyote. Hata mkeo, Mama Milembe, hukumwambia, ukihofia atamsimulia dada yake kanisani na siri itafika Lusahunga kabla ya ibada kwisha.

Kuna siku naikumbuka kuliko zote. Ilifika meza ya cherehani kutoka upande wa Bukoba, ndani ya droo tukakuta kadi ya ubatizo na soksi moja ya mtoto mchanga. Ukaniambia niandike kikundini kumtafuta mwenyewe. Akajibu dada mmoja, akasema cherehani ilikuwa ya mama yake, amefariki, na soksi ilikuwa ya kwake yeye alipozaliwa. Ulifunga vile vitu kwenye gazeti ukavipeleka stendi, ukavituma na basi kwa gharama yako. Tulipokuwa tunarudi ukasema, "Kumbe muda wote huu tunanunua vitu vya watu waliokufa." Mimi nilikuwa nakula muwa. Nilicheka, Fundi. Nilidhani unatania.

Baba yangu alipopooza nikarudi kwetu Keza, na alipokufa nikabaki na Mama na shamba la maharage. Hukuniacha. Ulinunua huko, ukanitumia kwa basi, nikafuata mzigo Benaco kwa pikipiki, nikatengeneza hapa barazani kwetu. Kila jambo nilikupigia. Ulinisikiliza nikizungusha gurudumu kwenye simu, ukasema, "Bobini hiyo imekaa vibaya, itoe." Ukiwa kilomita zote hizo, ng'ombe wakilia nyuma yako.

Sasa nikueleze yaliyotokea, kwa sababu wewe ndiye ulipaswa kuyasikia wa kwanza.

Ukoo ulikaa baada ya arobaini. Mama Milembe aliachiwa nyumba na shamba la karibu, ng'ombe na vifaa vya ufundi vikaenda kwa watoto wa marehemu mke wako wa kwanza. Hakuna aliyegombana, nakuhakikishia. Mwanao Shija ndiye aliyepewa kuviuza ili wagawane. Naye hakujua pengine pa kuuzia vitu vya namna hiyo isipokuwa pale pale ulipokuwa unauzia wewe.

Nilikuwa shambani nilipoiona. Cherehani yako ya mkono. Ile nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika upande ule ulipozoea kuegemeza kiganja, na mpini wa mti uliouchonga mwenyewe baada ya ule wa kwanza kuvunjika. Ile uliyokataa kuiuza hata kwa yule mwalimu aliyerudi mara tatu. Shija ameipiga picha upande mmoja, juu ya gunia. Ameandika: "Cherehani nzima, haina tatizo lolote."

Haikuwa nzima, Fundi. Inaruka mshono ukipita kwenye upindo wa jinzi, na wewe ungeandika hivyo kabla ya kitu kingine. Nilitaka kuandika mimi. Vidole vilishaanza. Nikafuta.

Nikampigia Shija kwa laini yangu ya kweli. Nikamwambia kaka, mimi ni Vestina, mwanafunzi wa Mzee, naomba uniuzie mimi, utaje bei. Alinijibu kwa upole. "Dada, nakufahamu. Lakini nikikupa wewe pembeni, ndugu zangu watasema nimeuza kwa kujuana. Ingia mnadani kama wengine. Ukishinda ni yako." Angekuwa mkali ningepata nafuu ya kumkasirikia.

Niliandika bei kwenye kiganja. Laki moja na nusu, hela niliyoiweka kwa ajili ya bati za jikoni kwa Mama. Nikapanda juu kwenye kichuguu nyuma ya migomba, ndipo mtandao hautikisiki. Nikaingia kwa jina lile la Baba Joshua, kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha. Nilijua wakiona namba yangu ya kawaida, wanayoijua kuwa ya mwanafunzi wako, wataipandisha.

Mwanzoni tulikuwa watu sita hivi. Wakaanza kudondoka mmoja mmoja. Ilipofika laki moja tukabaki wawili, mimi na mtu anayeitwa Ua la Neema, picha yake alizeti. Sikumjua. Nikipanda, anapanda. Nikikaa dakika tano kumchosha, anakaa dakika tano. Nikasema huyu ni mfanyabiashara wa Kahama, anataka aitoe maua yaliyobaki aipake rangi auze kwa bei ya mjini. Nilimchukia mtu yule, Fundi. Nilimchukia kwa nguvu ambayo sikujua ninayo.

Dau likafika kwenye kiganja. Nilitazama kiganja, nikakipangusa kwenye sketi, nikaendelea. Nikafika laki na sabini. Nikafika laki na tisini, ambayo hata sikuwa nayo, ningeuza nguruwe. Ua la Neema akaandika laki mbili. Ilikuwa bado dakika moja. Nikaiweka simu chini. Nilikuona kabisa unanitazama juu ya miwani.

Admini akaandika: "Imefungwa. Imekwenda kwa Ua la Neema. Baba Joshua pole, wakati mwingine."

Nikakaa pale kichuguuni mpaka Mama alipokuja kunitafuta. Alisimama chini akaniuliza nimeumwa na nini. Nikamwambia siafu.

Siku ya tatu admini akapiga simu. Aliposikia sauti ya kike akashangaa kidogo akauliza kama Baba Joshua yupo. Nikasema mimi ni wa hapo kwake, sema tu. Akasema mshindi ameshindwa kulipa, kwa utaratibu inakwenda kwa wa pili kwa dau lake la mwisho, je tunaichukua? Nguruwe aliondoka siku hiyo hiyo. Nikaambiwa mzigo haujahama, uko nyumbani kwa marehemu, nikauchukue huko huko.

Nilitoka Keza asubuhi kwa pikipiki hadi Benaco, nikapata gari la Nyakahura. Njia nzima nilikuwa na furaha ya kijinga, kama naenda kukuchukua wewe. Furaha ikaniishia nilipoona nyumba. Kibaraza pale ulipokuwa unakaa kimefagiliwa safi mno. Hakuna kipande cha uzi wala kijitambaa. Hujawahi kuona baraza lako safi namna ile.

Mama Milembe alikuwa amekaa mlangoni, amevaa gauni la kanisani ingawa ilikuwa siku ya kazi. Nilimpigia magoti nikamsalimia, akaitika, "Marahaba, ng'wanawane," kama alivyoniita siku zote, mwanangu. Alifurahi kuniona. Alidhani nimekuja kumjulia hali. Akanipa maji, akanipa michembe aliyoipika kwa karanga, vile viazi vyenu vikavu ambavyo mimi nilivikataa mwaka wa kwanza na wewe ukanisema. Nikala. Kila nikitaka kusema nimekuja kwa sababu gani, namega kipande kingine.

Kisha yeye akaanza. Akasema, "Umekuja siku nzuri, usiniache peke yangu. Leo kuna mtu anakuja kuchukua cherehani ya Mzee. Shija ameniambia anaitwa Baba Joshua. Nimevaa hivi ili anione na mimi ni mtu."

Nikamwuliza, "Akuone kwa nini, Mama?"

Akatazama chini. Akasema, "Kwa sababu amenishinda. Nilikuwa naishindania mimi. Nilikwenda kwa Neema, yule binti wa dada yangu, nikamwambia ingia humo kwa simu yako, kila yule mtu akipanda na wewe panda. Neema aliniuliza mama mdogo utalipa nini, nikamwambia nina mbuzi. Mbuzi kumbe mnunuzi hakutokea. Yule Baba Joshua ana roho ngumu, mwanangu. Nilimwita mchawi mbele ya mtoto wa watu."

Niliweka sahani ya michembe chini.

Nikasema, "Mama, ni mimi."

Hakuelewa. Nikatoa simu nikamwonyesha ng'ombe. Nikamweleza laini ya pili, na hila yako, na Joshua ambaye hayupo. Alinisikiliza mdomo umeachama. Kuku wakaingia ndani wakala kwenye sahani yangu na hatukuwafukuza.

Halafu akaanza kucheka, Fundi. Kile kicheko chake cha kutikisa mabega. Akasema, "Mzee huyu. Mzee huyu ametupiganisha." Nami nikacheka, na katikati ya kucheka nikaona machozi yanamtoka na ameacha kuyapangusa, na yangu pia.

Nilimwuliza kwa nini hakusema kwenye kikao cha ukoo kwamba anaitaka, nani angemkatalia. Akasema alishapewa nyumba, angefungua kinywa kuomba na chuma wangesema ana tamaa. Nikamwambia ibaki, Mama, mimi nimeshalipa, ni yako, naondoka mikono mitupu. Akakataa. Nikamshika miguu, akakataa tena, kwa ukali sasa. "Umeuza kitu kwenu ili uinunue. Na mimi hata kushona sijui. Hajawahi kunifundisha, nilikuwa namcheka eti kazi ya kukaa." Nikamwuliza, sasa Mama ulikuwa unaitakia nini? Akasema, "Kuisikia tu. Miaka yote napika nasikia inakwenda. Ikisimama najua amepata uzi umekatika. Ikisimama sana najua ana njaa. Sasa napika sijui nisikilize nini."

Nikainuka nikaitoa ndani. Alikuwa ameifunga kwenye kitenge kipya. Nikaiweka pale barazani pako, nikatandika mkeka, nikamwambia alete nguo zilizochanika.

Alileta shati lako la kaki, lile lililofumuka kwapani. Nikalishona. Akaleta kanga mbili zisizo na pindo. Akaleta gauni, akaleta mashuka, akaleta gunia la mahindi lenye tundu la panya. Yeye akaingia jikoni akawasha moto. Nilikuwa namsikia akikoroga chungu, na najua alikuwa ananisikia. Uzi ulipokatika nikasimama, akauliza kutoka ndani, "Uzi?" Nikasema, "Uzi." Akaendelea na kazi yake.

Nguo zilizochanika zikaisha. Akatoka akatazama, akarudi ndani, akaniletea foronya. Niliigeuza pande zote. Ilikuwa nzima. Akaniletea blauzi, nzima. Akaniletea taulo. Nilipitisha mshono mwingine juu ya mshono uliokuwepo, polepole, mpaka jua likaanza kulala na nikajua gari la mwisho la kurudi Benaco linakaribia.

Alinibebea cherehani kichwani hadi barabarani. Alikataa nimsaidie kubeba. Gari liliposimama akaiweka mwenyewe ndani, akamwambia kondakta isilaliwe na mzigo mwingine. Kwangu akasema tu, "Upake mafuta. Alikuwa anapaka Jumamosi."

Naipaka, Fundi.

Mengine si mazuri sana. Baada ya mavuno kaka yake Mama Milembe alikuja kumchukua, amempeleka kwao Shinyanga vijijini, akisema mwanamke wa umri ule hawezi kukaa peke yake kando ya barabara kuu. Nyumba imefungwa kwa kufuli. Niliipita mwezi uliopita nikienda Biharamulo kumpelekea mteja meza. Nyasi zimefika dirishani. Nilimwomba dereva apunguze mwendo, akauliza kama nashuka, nikasema hapana.

Mnadani bado niko. Ndiyo inayonisogeza, maharage peke yake yasingetosha, na bati za jikoni mwisho nilizipata humo. Lakini nakosea. Juzi nimenunua kichwa cha cherehani ambacho kina ufa chini, nilisahau kuomba picha ya tumbo, na nilipokifungua hapa barazani niliinua simu kukupigia kabla sijakumbuka. Nikaishusha. Nikakaa na ule ufa. Hakuna mtu Keza nzima wa kumwambia, "Njoo uone nilivyopigwa." Mama angesema rudisha tu, na watu wa kikundini ningewaambia wangejua Baba Joshua ni mjinga. Ufa kama ule ungeucheka wewe, kisha ungeniambia cha kufanya. Kucheka nimejaribu peke yangu. Haikuwa kucheka.

Wakati mwingine nakaa nasoma matangazo yetu ya zamani. Bado yako kikundini, ukirudi nyuma sana. "Bobini si ya asili. Kamba ya kanyagio imechoka, nunua mpya." Maneno yako kwa mwandiko wangu. Mtu akisoma hawezi kujua yameandikwa na watu wawili.

Sasa ahadi zangu, kisha nikuache.

Nitaandika ubovu kwanza. Hata ule wa kichwa chenye ufa nimeshauandika, mstari wa juu kabisa, na hajajitokeza mtu, na sitaufuta.

Jina la Baba Joshua nimelifunga. Nimeingia kwa jina langu, Vestina wa Keza, fundi. Wakitaka kunifuata na kunipandishia wanipandishie. Siwezi tena kushindana na mtu nisiyemjua ni nani, wala yeye asinijue.

Na kiangazi hiki, maharage yakishatoka, nitaibeba cherehani yako kwa basi hadi Shinyanga. Sijawahi kufika kwenu. Nimemwambia Mama Milembe jana kwa simu ya kaka yake, nikamwambia nitakaa siku tatu, nne nikiweza. Nilidhani atasema nisijisumbue, safari ni ndefu kwa msichana peke yake. Nikasikia mbuzi na upepo nyuma yake. Kisha akasema nisije na uzi mweupe tu, nichukue na mweusi, maana ameshaanza kuweka nguo pembeni.

Pumzika, Fundi wangu. Huku tunaendelea hivyo hivyo, kwa shida.

Mimi mwanafunzi wako,
Vestina
Keza